Pembe za Baba na Wati za Shemeji

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kando ya pembe za Baba.
Jumatatu, tarehe 10 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, dada yangu? Na huo mgongo wako, umeacha ukaidi? Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako hajambo. Anasema kwenye ile picha umenenepa, tena anasema kwa wivu. Mama ana nguvu zake. Juzi Jumamosi alitimiza miaka sabini, na sikio lake la kushoto bado linasikia lile linalolitaka tu.

Baada ya salamu hizo, ninayo heshima kubwa, nikiwa nimesimama wima na kufunga vifungo vyote vya koti, kukutangazia wewe na yeyote wa ukoo wetu aliye huko mbali kwamba ule mwavuli umelipiwa kisasi.

Najua utauliza mwavuli gani. Mwaka jana, siku kama hiyo ya Mama, shemeji yetu, mume wa dada mkubwa, aliingia amelowa chapachapa, akatafuta pa kuweka mwavuli wake, akauchomeka ndani ya mdomo wa spika ya Baba. Ndiyo, zile spika mbili kubwa za mbao zenye midomo ya pembe, alizopewa Baba, mwendesha mitambo wa jumba la sinema, jumba hilo lilipofungwa. Akasema, "Angalau leo hili tarumbeta limepata kazi." Watu wakacheka. Mama akacheka. Na mimi nikacheka, ndipo nilipochomeka zaidi. Toka siku hiyo nimeilea hasira ile kama mtoto wa kwanza: nailisha, naiogesha, nailaza kifuani.

Si mwavuli peke yake. Amplifaya ya Baba iliungua zamani, na pembe zikakaa bubu. Mama akatoa hukumu: zinakula nafasi na hazisemi, kwa hiyo zisipotoa sauti siku yake ya kuzaliwa, zichukuliwe. Mchukuaji alikwishajitokeza. Shemeji alitaka kuzipasua apate mbao za kaunta ya duka lake la rangi. Alishazipima kwa futi, mbele ya macho yangu, huku akipiga mluzi.

Basi nikaenda kwa fundi wa redio, yule tunayemwita Pamba kwa sababu hukaa na pamba masikioni. Alikuwa na amplifaya mbili za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama vitaa ndani ya mashine. Moja kubwa, nzito kama jiwe la kusagia, chupa zake nene zimejipanga kama askari, wati tele. Nyingine ndogo, haizidi kibweta changu cha sindano, wati zake unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na ukabaki na kidole cha kukunia sikio.

Nikaikumbatia kubwa. Unamjua shemeji: kila kitu kwake ni wati. Redio yake ina wati, gari lake lina wati, nadhani hata chai anainywa kwa wati. Pamba akanitazama. "Mzee, unataka kusikiliza muziki au unataka kugombana?"

"Vyote viwili."

"Basi beba zote ukazijaribu. Itakayokufukuza nyumbani, nirudishie."

Nikaiwasha kubwa hata kabla ya kuweka santuri. Lo! Pembe zikavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na juu ya mvumo huo ikaja sauti ya mafuta kikaangoni. Kumbe pembe za Baba hazina siri: kikohozi kidogo cha amplifaya, zenyewe zinakitangaza mtaa mzima. Nikagusa kitufe cha sauti, kugusa tu, sahani zikacheza kabatini. Wifi yako akatoka jikoni na mwiko: "We bwana, unamtangazia nani vita?" Nikaizima, maana jibu nilikuwa nalo.

Nikaunganisha ndogo. Kimya. Nikadhani imekufa. Nikatia sikio mdomoni mwa pembe: kimya cha msikitini saa za kazi. Nikaweka santuri ya Baba, ile iliyokwaruzika pembeni, na kabla mwimbaji hajaimba nikamsikia akivuta pumzi. Pumzi, Kitinda! Miaka yote ile sikujua kama yule mama alikuwa na mapafu. Ndipo nikakumbuka Baba alivyokuwa akisema kuhusu pembe hizi: hazilishwi, zinaonjeshwa.

Mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi ni mshona mapazia, na mtu akikaa miaka mingi nyuma ya mapazia hupata mawazo. Kushinda kwa sauti nzuri tu si kisasi. Nilitaka shemeji ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe.

Jumamosi nikaipanga kubwa juu ya meza, imewashwa, chupa zake zinang'aa kama taa za harusi, lakini haikuunganishwa na kitu chochote ila umeme. Ndogo nikaificha chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu cha pazia, na waya zote za pembe zikaelekea huko. Mpango ulikuwa huu: aisifu kubwa mbele ya watu, aisifu mpaka akauke koo, halafu mimi nivute kitambaa niseme, "Usione wembamba wa reli, shemeji, gari moshi hupita."

Akaingia, mwavuli kwapani. Nikaweka santuri, mwimbaji akavuta pumzi yake.

"Aisee," akasema shemeji. Akaisogelea ile kubwa, akaota joto lake kama mtu wa baridi. "Niliwaambia mimi! Wati, jamani, wati! Hadi koo la mwimbaji unalisikia. Hebu niipandishe kidogo." Akazungusha kitufe kisichopandisha wala kushusha kitu. "Mmesikia tofauti?"

"Kubwa mno," akasema dada mkubwa.

Kitinda, nilijiuma mdomo mpaka nikaonja chumvi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pindo la kitambaa.

Kabla sijaendelea, nisije nikasahau: Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Dada mkubwa anakusalimu, na wapwa zako wote, na Pamba pia, ambaye hakujui ila anapenda kusalimia. Yule binamu yetu mnene uliyemkopesha begi anakusalimu pia, ila begi hakulitaja.

Sasa niseme kweli. Karatasi ya kwanza niliandika kwamba nilikivuta kile kitambaa na shemeji akatafuta shimo la kujifukia. Nimeichana. Sikuvuta.

Wakati ule ule Mama alisogeza kigoda chake hadi mezani, akaweka kiganja ndani ya pembe, akasema, "Mwanangu mkwe, hebu punguza kidogo." Shemeji akazungusha kitufe chake kwa adabu, taratibu. Sauti ikabaki vile vile. Mama akafumba macho. "Hapo. Hapo hapo ndipo Baba yenu alipokuwa akiweka. Pembe hizi hazitoki hapa, na kaunta utajengea mbao nyingine."

Ningekivuta vipi? Ningemwaibisha shemeji, na Mama ningemwaibisha pamoja naye. Nikaachia pindo. Kisasi cha mwaka mzima kikanitoka mkononi kama samaki wa sabuni.

Shemeji naye, mate yote ya ushindi mdomoni, akatangaza kwamba atakuja kila Jumapili kumrekebishia Mama sauti. Jana alikuja. Amekaa anazungusha kitufe, anakunja uso, anarudisha nyuma, na mimi namletea chai namwambia, "Ongeza kidogo, shemeji." Nimemwomba Pamba aniachie ile kubwa, kwa kazi hiyo tu. Hicho ndicho kisasi changu, na nakiri ni kitamu.

Ila kuna jambo sijamwambia hata wifi yako. Mama ndiye aliyekuwa akimpelekea Baba chakula kwenye chumba cha mitambo, kila jioni. Anazijua waya kuliko mimi. Na Jumamosi, alipokuwa amefumba macho, niliona mwanga mwekundu wa chupa za ile ndogo ukichungulia chini ya pazia. Mama akanyoosha mguu polepole, na kwa kidole gumba akausukuma ule upindo urudi mahali pake.

Mungu akutunze, akufungulie njia ya kurudi utusikilize.

Ndimi nikupendaye hata usipojibu,
Kaka yako, mshona mapazia.