Nani Kawaambia Wachemshe Viazi Vyangu

Jumapili, 15 Juni 2025

Mguu bado. Hogo walilonifunga linawasha na siwezi kujikuna. Nilianguka kwenye ngazi ya ghala — ghala langu mwenyewe, ngazi niliyoipanda miaka yote. Daktari wa Bariadi kasema nisikanyage mpaka anione tena. Basi nashinda barazani kama mzigo uliosahauliwa na gari.

Majirani wamejaa tangu asubuhi. Martha kafagia uwanja, vumbi lote kaliingiza ndani. Lucy kafua, kaanika kanga zangu mpya kwenye jua kali, zishapauka. Esteria alikuja kusalimia tu, kakaa mpaka saa sita. Nimesema wabeja, asante, wabeja, mpaka taya limechoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini.

Jumanne, 17 Juni

Nimelia kwa hasira. Viazi!

Nilivichimba kabla sijaanguka. Vilikuwa vinanyauka vizuri pembeni ya jiko. Wiki hii vikatwe vibichi, vianikwe, nipate michembe ya kunifikisha mpaka mvua. Nyanjige, jirani wa ng'ambo ya uzio, kaja nimelala. Kaona viazi, kaona huruma, kavichemsha. Vyote. Sufuria langu kubwa na la kwake juu. Naamka, anakata vipande huku anaimba.

Matobolwa! Ya kutafuna watoto machungani. Mimi meno ya kutafunia matobolwa nitayatoa wapi? Labda huko kwao Mwanhuzi wakiona kiazi wanakimbilia sufuria.

Kasema, "Mayu, mama yangu, nilidhani nakupunguzia kazi."

Nikamjibu kwamba mimi si maiti. Kwamba watu wanaingia jikoni kwangu kana kwamba nimeshazikwa, na sitaki msaada wa mtu, nitajitegemea. Kwa sauti kubwa. Martha alikuwa anaingia na ndoo ya maji kichwani, kasikia yote. Akaishusha taratibu, akaenda zake.

Nimechoka kuwa mtu wa kupewa. Ndiyo hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Jana hakuja mtu. Leo hakuja mtu. Si ndicho nilichotaka? Uwanja mchafu, kuku wanatembea juu ya meza, maji ya Martha yamebaki kidogo chini ya ndoo. Hata matobolwa siyaoni kwenye kichanja. Yameondoka na aliyeyapika.

Mchana kapiga simu Joakim, mwanangu wa Mwanza. Chumba kipo, choo cha ndani kipo, mkewe Specioza ameshatandika kitanda. Huwezi kukaa peke yako, Mama. Naijua safari hiyo. Mzee Anatoli alikwenda kwa mwanawe kuugulia tu. Leo nyumba yake imebaki msingi, na mbuzi wa watu wanalala humo. Mimi nataka kulala hapa, niamke hapa, nichimbe viazi vyangu hapa Sapiwi. Basi.

Nikamwambia watu wapo, wamejaa, hata pa kukaa hakuna. Akasema vizuri sana, Jumapili nakuja na gari nione. Nikikukuta peke yako, tunaondoka wote.

Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 20 Juni

Msiba kwa jirani yetu Luhende. Mama yake amefariki.

Wanawake wamepita na kuni, maji, unga. Siku zote msiba ukitokea hapa, ugali nasonga mimi. Wengine wanapokezana, mimi siachi mwiko. Leo nimechota unga beseni zima, nikaliburuta mpaka barazani, nikakaa nalo ili anayepita anibebee.

Esteria kapita. "Mwadila, mayu." Kanisalimia kwa heshima zote, goti chini. Kaangalia beseni. Kapita. Lucy naye hivyo hivyo. Hakuna aliyenuna, na ndicho kinachouma. Mtu akikataa kusaidiwa, huku wanaelewa kwamba na yeye amejitoa, hatasaidia. Nani atachukua unga wa mtu aliyejitoa?

Jioni nimeuburuta kurudi ndani. Kuku walikuwa wameshauonja.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwita Nyanjige. Mara moja, si kwa sauti kubwa. Hakusikia. Au kasikia. Siiti tena, mimi ni mkubwa kwake.

Nimeita tena. Wamekuja kuku.

Jumapili, 22 Juni

Joakim kafika saa nane mchana sijanawa uso. Kaingia jikoni, katoka. "Mama, hao watu wako wako wapi?" Nikasema wako kanisani. "Saa nane hii?" Akachukua begi langu juu ya kabati, akaanza kukunja nguo. Sikumzuia.

Ndipo Nyanjige akaingia uani na furushi la pamba kichwani. Hodi hakupiga. Katandika turubai mbele ya hogo langu, kalimwaga furushi lote. Kasema wachumaji wake wamechanganya pamba safi na fifi, na kesho inakwenda kupimwa. Wakiiona fifi, ile chafu ya madoa, watairudisha yote.

"Miguu naona haipo, mayu. Mikono je?"

Nikamwambia kachuma vibaya. Kasema ndiyo. Nikamwambia majani nayo yamejaa. Kasema ndiyo, mayu. Akakaa chini, tukaanza kuchambua.

Kampa Joakim kibakuli cha matobolwa. Kumbe ameyaanika juu ya bati lake siku zote hizi. Joakim anatafuna, anasema matamu, nani katengeneza? Nikasema jirani. Jirani gani? Huyu. Nyanjige hakuinua kichwa, lakini nimeona anatabasamu.

Kuna jambo. Mchumaji gani anachanganya hivi? Safi yote iko chini, fifi yote iko juu, kama chumvi iliyonyunyiziwa. Nimemtazama Nyanjige. Yeye akawatazama kuku.

Sasa kaenda kuleta furushi la pili. Naandika haraka, shajara iko juu ya pamba. Martha amesimama pale kwenye uzio na ndoo kichwani. Haingii, anangoja niseme. Joakim naye amesimama mlangoni na begi langu mkononi. Dereva aliyemleta kawasha gari.

Nimesema, Martha mwanangu, maji yaweke palepale pa siku zote. Na ukipita kwa Luhende, nibebee unga wangu humo ndani.

Joakim anauliza, na begi? Nimemwambia asikanyage pamba ya watu.