Ludini Nyuma

Igogo, Jumapili, Septemba 1996. Joto, ziwa limetulia, mimi sijatulia hata kidogo.

Nina hasira. Ukurasa huu nimeuanza mara tatu na kuuchana mara tatu, na daftari lenyewe linakaribia kuisha.

Jana mchana mimi na kaka yangu Laurenti tulikuwa Busisi, tunasubiri kivuko turudi mjini na gunia la michembe, viazi vikavu kutoka kwa shangazi. Tangu wakimbizi waanze kuingia nchini, askari wanakagua watu pale. Kukagua gani! Wanaangalia pua. Laurenti ni mrefu, na pua yake nyembamba kairithi kwa bibi mzaa mama, wa Karagwe. Basi akatolewa kwenye foleni apimwe ulimi, maana wanasema mkimbizi huchanganya r na l.

"Wewe mkimbizi, hebu sema 'barabara ya lami'."

Jamani! Kaka yangu ni Msukuma wa hapahapa Igogo, fundi baiskeli, na tangu azaliwe hajawahi kuweka r na l mahali pake. Kwa woga akajirekebisha hata pasipohitajika. "Balabala ya rami, afande."

Kofi. Akaulizwa jina, akasema "Laulenti." Hata jina lake mwenyewe! Kitako cha bunduki kikampata mbavuni, akaanguka juu ya gunia letu, wakaendelea na mateke. Watu tulipotaka kusogea, yule aliyemuuliza akatugeukia na kufoka, "Ludini nyuma!"

Ludini. Nilisikia vizuri kabisa. Foleni nzima ilisikia, na hakuna aliyethubutu hata kutabasamu.

Halafu akauliza nani anamfahamu huyu.

Nilinyamaza.

Mimi, wa kidato cha tatu, ninayewasumbua nyumbani kutwa: "Mama, ni Renata, siyo Lenata." Pua yangu ni ileile ya bibi. Niliogopa ulimi utateleza na mimi nitolewe. Kwa hiyo nikawa naipanga sentensi kichwani: huyu ni kaka yangu Laurenti, l kwanza, r baadaye, l kwanza, r baadaye. Kaka anapigwa, mimi napanga herufi! Najichukia.

Aliyesema ni mama mmoja muuza karanga, hatumjui wala yeye hatujui sisi. Aliweka sinia chini, akaingia katikati yao. "Mwacheni mwanangu! Nimemzaa kwa tumbo hili, mnataka niwaoneshe na kovu?" Wakamwacha. Hata pole hawakumpa.

Kwenye kivuko sikuweza kumtazama Laurenti. Yeye akaniuliza kama michembe imelowa.

Leo hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Mama anataka tukashitaki, baba anamuuliza tukashitaki kwa nani, kwa askari? Baba anasema tumshukuru Mungu kwamba amerudi. Tushukuru! Tangu lini mtu anashukuru kwa kuruhusiwa kurudi kwao? Nilitaka kupiga kelele, lakini aliyenyamaza Busisi atapigaje kelele sebuleni?

Kisha mama akauliza nani alimtetea mwanawe. Laurenti akajibu haraka, macho chini.

"Ni Lenata."

Sikumsahihisha.

Mama alinikumbatia mpaka kilemba kikamdondoka. Anasema Jumatano, kwenye jumuiya, atatoa shukrani kwa ajili yangu mbele ya majirani wote. Laurenti akajifanya anakohoa, na kukohoa kwenyewe kunamuumiza. Alijua nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Aliniona. Ameamua kunifichia, na mbavu zake hizo, na mimi nimekaa hapa naandika.

Laiti angenigombeza.

Namsikia mama uani: "Lenata! Mletee kaka yako maji ya moto ajikande."

Abee, mama. Nayaleta. Na nikishayaweka chini sitaondoka. Nitakaa kwenye mkeka, wewe na kaka mkinitazama, niseme kwamba nilinyamaza. Nikikosea herufi, basi nikosee.