Mama Bado Hai, Majirani Wakaja Kumlilia

Mpendwa mshauri, shikamoo, nisaidie maana nimekosa wa kumwambia. Mimi napiga tarumbeta katika bendi ya kanisa hapa Mbozi, na huku kwetu mtu akifa bendi ndiyo inayotangaza, tunapiga taratibu, watu wanaacha majembe wanakuja, sasa mama yangu ni mgonjwa sana, zahanati wamesema tumtunze tu nyumbani, na zamani alikuwa akimpikia mwalimu wetu wa muziki, Mwingereza, Bwana Harcott, ambaye alitunga simfoni, ule muziki mrefu wa okestra kubwa, akazipeleka kwao zikakataliwa eti ni za kizamani, basi sehemu moja ya polepole akatufundisha sisi, mama akisikiliza kutoka jikoni, na tangu mzungu yule afariki hakuna anayeipiga. Juzi mama akaniambia, "Amoni, nipigie ile ya Bwana Harcott, niisikie." Nikasimama mlangoni nikapiga. Sijafika nusu, naona balozi wa nyumba kumi amesimamisha palizi ya shamba la kijiji, wanawake wanapanda kilima na kuni na unga wakilia jina la mama, na mama yu kitandani anasikia anavyoliliwa! Kaka yangu Mika ameifungia tarumbeta sandukuni, anasema nimekiita kifo, na wazee wamenikataza. Lakini kila siku mama ananiuliza, "Mbona hukumaliza?" Ninageukia ukutani, nalia. Nifanye nini?

Amoni, Mbozi

Amoni mwanangu, pole sana, barua yako imeniliza. Sasa nikugombeze. Wewe, mpiga tarumbeta wa kanisa, hukujua majirani wataelewa nini? Ungepita kwanza uwaambie. Hao waliokuja na kuni hawana kosa, wanampenda mama yako. Na Mika aache upuuzi, kifo hakiitwi kwa tarumbeta. Kama wewe, naye anaogopa kumpoteza mama, ila yeye woga wake umegeuka hasira.

Nenda kwa balozi, mwombe apite nyumba kwa nyumba aseme mama yu hai na anataka kusikia muziki wake. Wanawake wale wale waje wakae naye. Mika afungue sanduku akupe tarumbeta, naye mpe kazi ya kumwinua mama na kumshika mgongo. Kisha piga mpaka mwisho, hata kama machozi yanakutoka. Wazee wakinung'unika, wamuulize mgonjwa mwenyewe.

Gazeti hili huchelewa kufika huko, nami sijui utalisoma lini. Kama mama ameshatangulia, omba upige kaburini, wala usijilaumu maisha yako yote. Ila kama bado anapumua, usiendelee kusoma. Weka gazeti chini, anakusubiri.