Kingo za Kijitabu cha Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Hayo magoti yanaendeleaje? Natumai ile dawa ya kupaka inasaidia na mbuzi hawakuzidi mbio. Mimi hapa Nakuru ni mzima, nimenenepa mpaka suruali ya Krismasi inalalamika. Viazi vya Dundori, Mama, huwezi kuvila ukabaki mwembamba.

Kijitabu cha nyimbo cha Baba kiko ndani ya kifurushi hiki. Kifungue polepole, na usome barua mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Unajua kwa Bi Zuhura hapa Bondeni mimi ndiye fundi wa kushona vitabu. Juzuu za madrasa, vitabu vya nyimbo vya makanisa, vyote vinapita mkononi mwangu. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, leo walimu wananiita boss! Nimefika Malaba, Kampala nimelala siku mbili, na sijaona mkono wa kushona kama huu. Basi uliponitumia kile kijitabu, pini zimeota kutu, kurasa zinaachana, nikasema huyu Mama nitamshangaza.

Pini nilizitoa vizuri. Lakini kingo zilikuwa zimeliwa na mende, nikazinyoa kwa kisu, pande zote, zikawa sawa kama daftari jipya la dukani. Mama, kitu cha zamani hakikatwi. Bi Zuhura alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Nilijua, nikajifanya najua zaidi.

Bi Zuhura aliporudi dukani akaokota kipande sakafuni, akakisogeza kwenye miwani.

"Wewe, hapa pameandikwa Mercy, Jumatano, mvua kubwa. Mercy ni nani?"

"Dada yangu mkubwa."

"Basi umemnyoa dadako."

Zile alama za penseli nilidhani ni za kwaya. Kumbe Baba aliandika pembeni siku tulizozaliwa, kila mtoto kando ya wimbo ambao kwaya yake ilikuwa ikiufanyia mazoezi wakati huo. Na vipande vingine nilikuwa nimeshampa mama wa mahindi pale mlangoni, maana karatasi zetu za kutupa ndizo anazowashia jiko. Nilitoka mbio.

"Mathe, usiwashe!"

"Nimeshawasha, boss. Kwani umetupa title deed ya shamba?"

Nikaingiza mkono motoni.

Siku tatu tulikaa tukirudisha vipande, kwa gundi ya unga wa ngano na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Halafu nikashona mwenyewe: matundu matatu kwenye mkunjo, uzi wa kitani uliopakwa nta, fundo moja ndani. Hakuna pini, hakuna selotepu. Wajukuu wako watazeeka kabla ya huo uzi.

Mercy yuko. Daudi yuko. Kipande changu kiliungua nusu. Kimebaki: "Huyu wa mwisho analia kwa sauti ya", hapo moto ukala.

Mimi nasema ni teno, ile ya kwaya. Bi Zuhura anasema labda ni ya mbuzi. Nimebandika karatasi nyeupe mahali palipoungua. Kama unakumbuka Baba alivyosema, andika hapo kwa penseli, si kalamu. Kama hukumbuki, usinitungie. Pabaki peupe, watu wajue ni mimi nilikata.

Nisalimie Daudi na mkewe, na shangazi wa sokoni. Mwambie Mercy mvua yake nimemrudishia.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mwenye malengelenge mkono wa kushoto, wa kulia bado unashona,

Josefu