Diski ya Nyimbo za Ottavio Inayogonga

Mwaka unatimia Jumapili hii, Ottavio, tangu uinuke na kutuacha, kahawa yako mezani haijapoa. Naandika mimi mkeo Nives, kwa niaba yetu wote hapa Correggio, na nakiri mapema kwamba naandika huku naogopa.

Miaka thelathini ulitengeneza yale masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu, kwenye baa za pwani kuanzia Cervia hadi Cattolica. Santuri zikichakaa, wenye baa walizitupa, wewe ukazileta nyumbani. Ulipostaafu ukaanza kuziosha kwa maji ya uvuguvugu na kuziingiza kwenye diski ya nje ya kompyuta moja baada ya nyingine, kwa yale mafaili mazito yasiyopoteza hata chembe ya sauti. Binti yetu Loredana alipokuomba uzibane ziwe ndogo, zienee kwenye simu yake, ulimjibu, "Mwanangu, wimbo uliobanwa ni unga wa tortelli bila boga ndani. Kula wewe."

Na kabla ya kila wimbo ulijirekodi. Unakohoa kidogo, kisha unasema, "Haya, tusikilize. Hii imetoka Cervia, imechoka kama mimi." Nilikucheka sana kwa hilo. Sasa sauti yako haipo kwingine popote.

Nilikuuliza mara ngapi kama umeweka nakala? "Akiba ipo, Nives, acha kunitia presha." Akiba tumeiona, mzee wangu. Uliiweka ndani ya diski ileile. Nyimbo elfu nne, mara mbili, kwenye kisanduku kimoja. Na wewe ndiye uliyetembea na bisibisi tatu mfukoni, eti moja isije ikapotea.

Mwezi wa tatu diski ikaanza kugonga: ko, ko, ko. Ndugu yako Learco akaizima haraka. Fundi wa Modena akatuambia huenda itawaka mara moja tu, halafu basi. Tangu siku hiyo imo kabatini, nimeifunga kwa shali yangu, na nikipita hapo nanyata. Wenzangu wanasema tuiwashe, mimi nakataa. Naogopa, Ottavio. Kukuzika mara moja kulinitosha.

Juzi Loredana alikuja ameinamisha kichwa.

"Mama, usinigombeze. Niliiba wimbo mmoja siku baba alipokwenda kwa kinyozi. Nikaubana."

Akabonyeza simu. Sauti ilikuwa nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya mkebe. Lakini kikohozi kilikuwa chako, na "Haya, tusikilize" ilikuwa yako. Nililia mpaka Learco akaenda kuzima jiko, mchuzi umeshaungua.

"Iwasheni," nikawaambia. "Akitutoka, tunaye huyu mdogo wa kwenye simu."

Basi Jumapili, baada ya misa ya saa nne na chakula, tutaiwasha, diski mpya ya kunakilia ikiwa tayari kando yake. Majirani, tunawaomba alasiri hiyo msipige kengele yetu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Nives, binti yako Loredana uliyemnyima nyimbo, na ndugu yako Learco. Haitapita siku tusikutaje.

Kohoa tu, Ottavio. Tutakutambua.