Nyumba Imepata Mtu

Baba Salvina,

Ugali na mlenda nimekufunikia jikoni. Sukari bado haijafika duka la ushirika, tia asali kwenye chai. Saa kumi usitoke, maana nyumba imepata mnunuzi!

Ulipoondoka tu alikuja Bi Mwanaidi, yule muuza kanga wa sokoni. Akazunguka vyumba vyote, akatazama juu. "Mama, bati hili linavuja?"

Najua ulinikataza. Mwaka wa pili huu unaongea na wateja peke yako, mimi nikae kimya, na wote wamekwenda wasirudi. Nikamwambia, "Linavuja chumba cha nyuma. Masika tunakinga beseni."

Akacheka. "Mji mzima unauza nyumba, na kila mtu ananiapia bati lake ni zima. Hii yako naichukua."

Nikapiga vigelegele mbele yake, sikuweza kujizuia! Anakuja na shahidi, mwandikishane.

~~Usimwambie mtu.~~ Nimekata hapo, nimeshamwambia jirani.

Nimekimbilia stendi kuulizia basi la Kahama. Mama yangu huko Ushirombo, mbele ya Kahama, amelima peke yake miaka yote. Mvua hizi atatuona shambani.

Mkeo mwenye mdomo,
Mama Salvina