Bahari ya Lita Ishirini

Doha, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Habari ya huko? Goti linaendeleaje? Mimi niko salama, kazi ya wodi ni nyingi lakini Mungu anasaidia.

Asante kwa kunitunzia tangi langu la kioo la viumbe wa baharini. Maji yakipungua, ongeza yale ya kununua, yasiyo na chumvi. Chumvi haiendi na mvuke, inabaki. Ya bomba usithubutu, unajua madini yake yalivyotupaka meno rangi ya kahawia. Na hayo matumbawe usiyaguse, ni wanyama hai, kila mmoja nilimchagulia mahali pake.

Lingine, kaka Bravin amenipigia. Anataka uhamie kwake kule mtaa wa Bahati, atakuja na pickup mwezi wa nane. Nimemuunga mkono. Mama, usikae peke yako.

Mwanao,
Joyline

Nakuru, 10 Machi

Joyline mwanangu,

Nimefurahi kukusoma. Goti linalalamika kukiwa na baridi tu. Wewe unakula?

Hao wanyama wako, wacha tu! Nilikuwa nasema ni upuzi wa watu wasio na kazi. Sasa chai inapoa nikiwaangalia. Yule anayefumba na kufumbua vidole anasalimia nani? Na wale wa bluu wenye umbo la uyoga kwa kivuli chini, wamejinyoosha kama visahani. Mungu ni fundi, kweli.

Ila mbona ulimtenga yule wa kijani, mwenye manyoya kama nyasi? Yuko kwa kona juu ya jiwe lake, kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Kwetu hakuna mtu anakula peke yake. Nimenawa mikono, nimemsogeza kwa wenzake.

Ya Bahati tutaongea.

Mamako

Doha, 19 Mei

Mama,

Uko mzima? Nisamehe kimya, simu ilikufa barua yako ikiwa ndani, ndiyo nimeisoma leo. Woi, mama! Huyo wa kijani mrudishe kwa kona! Hana ubaya, lakini anatambaa. Akikaa karibu na wengine anawafunika mpaka wanakufa. Nilimpa jiwe lake ili kila mtu aishi.

Joyline wako

Nakuru, 2 Juni

Joyline,

Salamu nyingi. Barua yako imenikuta nikiwa tayari nalia.

Yule wa kijani alikuwa amewapandia wale uyoga na mkeka wake wa zambarau, ule manyoya yanaootea. Mmoja amekufa, wawili walikuwa wamejikunja. Nimepiga magoti na goti langu hili bovu, nikaubandua ule mkeka kwa kisu kidogo, polepole, nikamrudisha kwa kona. Jana wale wawili walifunguka. Nimepiga vigelegele peke yangu hadi Darshana wa jirani akachungulia dirishani.

Na huyo wa kona, ungemwona! Ametoa manyoya yote, yanapepea na maji, mazuri ajabu. Nilidhani ulimwonea, kumbe ulimpa nafasi.

Sasa nisikilize. Kwa Bravin kuna mke, watoto wanne na mama mkwe. Nawapenda wote. Lakini nikiingia pale, ama nitawafunika ama watanifunika. Unajua mdomo wangu. Hapa nina kanisa langu, nina Darshana, nina mlango ninaoufunga mwenyewe. Sitaki kuhama.

Mamako

Doha, 9 Juni

Mama yangu,

Natumaini goti limepoa. Picha za tangi ulizonitumia nimewaonyesha wauguzi wenzangu, wanauliza fundi ni nani. Nimewaambia ni mama yangu. Mimi ningekata tamaa, ningetupa jiwe lote.

Nilikosea kukuamulia. Nimemwambia Bravin. Amekasirika, anasema watu wa Bahati watamcheka, mwana gani anaacha mama peke yake. Na pickup atakuja nayo tu. Mimi niko upande wako, lakini yeye ndiye atakayekuwa mlangoni.

Joyline

Nakuru, 11 Agosti

Joyline mwanangu,

Sisi wazima. Bravin amekuja na kamba za kufungia vitu.

Nilimpikia kuku, nikamkalisha mbele ya tangi. Alinuna mpaka sahani ikawa tupu. Halafu akauliza maji hubadilishwa vipi. Nikamwambia kubadilisha najua, ni kuinua ndoo ndiko kunanishinda. Akakunja mikono ya shati, akainua. Akauliza mbona yule wa kijani yuko peke yake, nikamwambia hapo ndipo anapostawi, na mimi ni hapa. Amesema atakuwa anakuja kuinua ndoo, na watu wa Bahati waseme watakavyo.

Jioni amerudi kwake na kabati langu la sahani tu kwenye pickup, lile mke wake alilolipenda kitambo. Mimi nimebaki.

Mamako